Karani Anayelalia Bomba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkaguzi wa bomba la maji anafunga kamba za buti la kushoto. Mbwa wake, aliyejilaza kizingitini, hasogei. Anapomaliza la kulia, mbwa anasimama na kujinyoosha.

"Buti moja halimshtui," anasema mama huyu wa miaka hamsini na miwili. "Anasubiri ahakikishe."

Kila siku ya kazi wawili hao hutembea kilomita tisa, kutoka tangi la kijiji hadi chanzo cha maji kilimani, wakitafuta mahali bomba linapovuja. Mama ana miaka kumi na minne kazini, mbwa ana minane. Anaitwa Karani kwa sababu tangu udogoni alipenda kukaa kuliko kutembea.

Nyasi zina umande, na sketi ya mkaguzi imelowa hadi magotini. Mwanamke anayekama ng'ombe kando ya njia anapaza sauti: "Karani, hujambo? Na huyo uliyekuja naye?"

"Huyo hajambo," mkaguzi anajibu, "ila salamu yake hajawahi kuiona."

Kwenye kilomita ya tatu, juu ya chemba ya kukagulia bomba, wanapumzika dakika kumi. Mfuniko wa saruji umeanza kupata joto na unawatosha wote wawili. Mkate unakatwa vipande viwili visivyolingana. Kikubwa si cha mama. Kisha Karani anaingia kijitoni, anarudi na kujikung'uta.

"Uwanja wote huu, anachagua miguu yangu," mama analalamika, bila kusogea.

Kilomita tano za mwisho bomba limezikwa. Huko ndiko mbwa anakofanya kazi, ingawa mwenyewe hajui. Jua likikolea hutafuta udongo baridi akaulalia, na udongo baridi mara nyingi una maji chini yake.

Mama alichelewa kulielewa hilo. Kiangazi cha mwaka juzi, Karani alilala kando ya uzio wa shule akakataa kuondoka.

"Nikamvuta sikio, nikamwita mvivu. Siku ya tatu bomba likapasuka palepale." Kaya mia mbili zilikosa maji kwa siku mbili. "Nilimwomba mbwa msamaha. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta."

Tangu hapo, mbwa akigundua mahali panapovuja, mama huandika M kwenye daftari lake. Mwaka jana palizibwa mahali thelathini na moja. Kumi na tisa pana alama hiyo.

Sasa ofisi ya maji imeleta pikipiki.

"Mama, sina ugomvi na mbwa," anasema meneja wake. "Lakini kwa miguu ni nusu siku. Kwa pikipiki ni saa moja."

"Juu ya pikipiki utayaona maji yaliyokwisha kutoka," mkaguzi anajibu. "Ya chini utayaonaje?"

Wamekubaliana hivi: kilomita nne za mwanzo, ambako bomba limelala wazi juu ya mawe, apande pikipiki na mbwa, na zile tano ambako limezikwa watembee. Karani asipozoea kupanda kufikia mwisho wa mwezi, mama ataendesha njia yote peke yake na mbwa atabaki nyumbani. Zimebaki siku kumi na moja.

Jioni, uani, mumewe ambaye ni seremala anafunga kreti ya mbao nyuma ya pikipiki. Mama anatandika ndani sweta lake kuukuu.

"Haya, baba, panda," anamwambia mbwa.

Karani ananusa kreti, ananusa sweta, anazunguka mara mbili, kisha anajilaza chini kando ya gurudumu.

"Leta jembe," mume anasema. "Hapo pamepasuka."

"Kaa kimya, wewe. Jana hata kunusa alikataa. Kesho atapanda."

Mume anaingia ndani akicheka. Mama anachuchumaa, anamsogeza mbwa kidogo na kuweka kiganja chini, pale alipolala.

Udongo ni mkavu.