Simu Kutoka Magu

Dorcas Agutu alikuwa opereta wa simu katika hospitali moja ya Mwanza kwa miaka ishirini na mbili, na wengi waliomfahamu hawakuwahi kuiona sura yake. Walimjua kwa sauti: nzito kidogo, isiyo na haraka, yenye lafudhi ya Wajaluo wa Shirati ambayo hakujaribu kuificha.

Huko kutokuwa na haraka alikujifunza kwa uchungu. Mwaka 1983 mdogo wake, Odongo, alimpigia simu kazini. Odongo alikuwa amepigana vita vya Kagera, akarudi na viungo vyake vyote, lakini hakutulia mahali. Mara yuko Musoma, mara Tarime, mara haonekani kwa miezi. Asubuhi ile taa tatu zilikuwa zinawaka kwenye swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, na daktari alikuwa anasubiri kuunganishwa na chumba cha upasuaji.

"Dada," Odongo alisema, "nilitaka tuongee kidogo."

"Subiri, Odongo, nitakupigia."

Akachomoa plagi, simu ikakatika. Alipopata nafasi ndipo alipogundua kuwa hakumwuliza yuko wapi. Odongo hakupiga tena, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Miaka ikapita, na bado kila mpigaji aliponyamaza kidogo kabla ya kusema, Dorcas alibana pumzi akingoja kusikia atatamka nini.

Mwaka 1994, Jumanne moja saa nne asubuhi, Masalu wa posta ya Magu alimpitishia simu. Masalu na Dorcas walikuwa wameunganishiana simu miaka minane bila kuonana. "Mwanza, nina mteja kibandani," Masalu alisema. "Hasemi vizuri anamtaka nani. Msikilize wewe."

Mpigaji alikuwa mwanamume. Alijitaja kama askari, kwa namba yake ya jeshi kwanza, kisha kwa jina: Luhende.

"Naomba wodi ya majeruhi. Namtafuta Maige. Kitanda chake kiko dirishani, mimi nilikuwa cha pembeni yake."

Dorcas aliikumbuka wodi hiyo. Ilikuwepo mwaka 1979, vita vilipokuwa vinaisha, na ilifungwa mwaka huohuo. Sasa kwenye vitanda vile walikuwa wanalala akina mama waliojifungua.

"Kaka Luhende," alisema, "sitakudanganya. Wodi ile haipo tena. Nieleze habari za Maige."

Kisha Luhende akasema, "Alikufa asubuhi, mimi nikiwa macho. Basi kama huipati wodi, mwambie tu nakuja."

Dorcas akaelewa anakuja wapi: kwa wafu, kumfuata Maige. Alimwomba amwambie Maige alikuwa mtu wa wapi, na Luhende alipoanza kusimulia habari za Kisesa, za baba yake Maige na ng'ombe wake, Dorcas alifungua laini ya pili kwa mkono wa kushoto na kumnong'oneza Masalu: "Usikate, hata dakika zikiisha. Nenda ukakae naye. Usimnyang'anye simu, kaa tu."

"Na swichibodi yangu nimwachie nani?"

"Iache."

Masalu aliiacha. Alimkuta Luhende amekaa sakafuni kibandani, kofia magotini, akakaa naye hapohapo chini, na foleni ya watu nje ikiwatazama. Mpaka hapo Luhende alikuwa ameongea robo saa. Aliueleza mwaka wake wote. Tangu arudi kutoka vitani alikuwa mlinzi wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika. Mashine zilinguruma usiku na mchana msimu mzima, na katika ngurumo ile aliweza kulala. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, pamba inapelekwa kwingine, ushirika umedhoofika, na jineri ilikuwa imefungwa. Walinzi walipunguzwa, naye akiwa mmoja wao. "Kumekuwa kimya, dada," alisema. "Kwenye kimya kile nasikia kila kitu."

Dorcas alimpigia Venant, muuguzi wa magonjwa ya akili palepale hospitalini, kijana wa Nansio mwenye subira. Venant alisema mambo mawili tu: asije peke yake, na asiletwe na polisi. Masalu akatuma mtu kumwita mke wa Luhende, na mchana wakapata nafasi kwenye lori la mpunga lililokuwa linakwenda Mwanza.

Zamu ya Dorcas iliisha saa nane. Hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la getini hadi saa kumi na moja, lori liliposimama wakashuka mwanamume mrefu aliyekonda na mwanamke aliyemshika mkono kama mtu anayevuka mto.

"Shikamoo, mama," mwanamke alisema. Aliitwa Mhoja.

"Marahaba. Karibuni. Poleni na safari."

Luhende aliposikia sauti ile alisimama. "Ni wewe wa kwenye simu."

"Ni mimi."

Aliwapeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa Venant. Hapo Luhende akagoma. "Mimi si kichaa. Nimelala vibaya tu miaka kumi na mitano."

"Ndiyo kazi yangu hiyo," Venant alisema. "Ingia, kaka. Tuanze na usingizi."

Walipoingia, Mhoja alibaki nje na Dorcas. Baada ya muda alisema, bila kumtazama, "Nilichumbiwa na mtu aliyekuwa anaimba akilima. Kijiji kizima kilijua Luhende yuko shambani. Akaenda vitani, akarudi huyu. Ni mwema, hajawahi kunipiga. Lakini yule wa nyimbo bado namngoja."

Dorcas alitaka kumwambia habari za Odongo. Badala yake alimshika tu bega.

Luhende alilazwa wiki tatu, akaruhusiwa, akapangiwa kurudi Alhamisi, kila baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza alikuja. Mara ya pili hakuja. Dorcas alipiga Magu, na Masalu akatembea jioni hadi nyumbani kwake, akamkuta amekaa ndani mlango umefungwa. Wakaongea. Alhamisi iliyofuata walikuja wote wawili, na hivyo ndivyo Dorcas na Masalu walivyoonana kwa mara ya kwanza. Ikawa desturi: asiyeonekana kliniki anapigiwa, na kama hana simu, anafuatwa na mwenye miguu. Luhende alileta mwenzake mmoja wa Kisesa, naye akaleta mwingine. Kufikia mwaka 1996 walikuwa wanaume saba kwenye benchi la Alhamisi.

Siku moja Dorcas alijikaza akamwuliza Luhende kama vitani alimjua Odongo, kijana wa Shirati mwenye pengo la jino la mbele.

Luhende alifikiri sana. "Hapana, dada. Tulikuwa wengi." Kisha akaongeza, kwa nia njema, "Siku ile ungeniambia subiri, ningekata."

Dorcas aliinuka, akaenda akasimama ukutani ambako ziwa linaonekana kupitia paa za mji. Aliporudi alikaa karibu naye, akamweleza yote: taa tatu, daktari, plagi. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti. Luhende hakumfariji. Alisema tu, "Hukujua," na wakakaa hadi jina lake lilipoitwa.

Luhende hakupona kabisa. Alilima mpunga, akalala usiku mwingi, mwingine akazunguka ua hadi kuche. Mhoja alimweleza Dorcas kwamba mara moja, wakipalilia, alimsikia akipiga mluzi. Aliendelea kupalilia, asigeuke, asije akamnyamazisha.

Desemba ile Dorcas alipata likizo, akaenda Shirati. Baba yake mdogo, Zadok, alimweka kitako. Kwa desturi yao, mtu aliyepotea bila mwili kuonekana huzikwa kwa tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kama mkono wa mtu. Ukoo ulikuwa umelitaka jambo hili kwa miaka mingi. Dorcas ndiye aliyekuwa anakataa.

"Safari hii si mimi ninayeomba," Zadok alisema. "Ni mama yako."

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni. "Nimechoka kumwacha nje," alisema.

Dorcas akakubali. Walizika tunda hilo kando ya kaburi la baba yao, likiwa limefungwa shuka jipya. Watu walipotawanyika, mama alibaki kwenye udongo mbichi akaanza kuongea kwa Kijaluo, taratibu, akimweleza mwanawe kwamba ng'ombe mwekundu alizaa mara nne, kwamba nyumba iliezekwa bati, kwamba Janet wa jirani alimngoja sana kabla ya kukubali kuolewa Musoma. Dorcas alikaa pembeni yake. Mama alipotaka kukumbuka jina la mbwa wao wa zamani, Dorcas alimkumbusha, naye akaendelea.