Mbwa Aliyefundishwa kwa Kiswahili

Mwaka niliomaliza chuo Uganda na kurudi Nakuru, nilikuta mbwa mkubwa kama ndama amelala mlangoni petu, kwenye landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Kabla ya kupata kazi ya upishi relini, baba alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba juu ya Molo. Mzungu alipouza shamba na kurudi kwao, alimwachia baba sufuria mbili na mbwa huyo, wa aina inayovuta magari ya kuteleza juu ya barafu huko kaskazini mwa dunia.

Manyoya yake yalikuwa mazito kama blanketi. Jua likiwa kali mama alimmwagia maji na kuzungumza naye. "Maskini," alimwambia, "hata wewe umeletwa huku na kazi za watu."

Hakubweka. Alilia kama fisi, na majirani walimchukia tangu sauti ya kwanza. Kisha akaanza kuua. Alimshika kuku mgongoni, akamtikisa mara moja tu, akamtupa. Baadaye ikawa zamu ya mbuzi wa jirani yetu, mzee kutoka Mombasa aliyefanya kazi karakana ya reli. Mbuzi huyo alikuwa akilishwa kwa ajili ya Idi. Mbwa alimpasua tumbo akiwa amefungwa kamba. Nilipofika, mbuzi alikuwa bado amesimama, matumbo yake vumbini, anajaribu kumaliza jani la kabichi. Mzee alimchinja haraka ili asiteseke, akaja kwetu na kisu kile kile.

"Mpishi," alimwambia baba, "mimi na wewe ni majirani. Jumamosi nikimkuta huyu hapa, nitamchinja kama nilivyomchinja mbuzi wangu. Na yeye sitamsomea bismillahi."

Baba alirudi jikoni. Mama alilia. Usiku ule alinigeukia mimi. "Msomi wetu, fikiri basi. Si ndiyo kazi tuliyokupeleka kusomea?"

Nikafikiri. Nilifikiri hadi nikakosa hamu ya kula. Labda anaua kwa sababu ya joto. Labda kwa sababu ya njaa. Labda kwa sababu mimi namwogopa na yeye anajua. Mwishowe nikaamua kwamba mnyama aliyeumbwa kuvuta, akinyimwa cha kuvuta, atararua. Nilishona mikanda ya magunia, nikapima kifua chake mara nne, nikamzoeza kuvuta mkokoteni wetu wa maji. Jumamosi asubuhi nilimwomba mzee aje ajionee kabla ya kukata shauri.

Mbwa alivuta. Alitoka bombani na madebe mawili yaliyojaa, mkia umejikunja juu ya mgongo, kama aliyekuwa akingoja siku hiyo maisha yake yote. Wanawake waliopanga foleni ya maji walicheka.

"Mpelekeni reli," mmoja alisema, "injini zao zimechoka."

Hata mzee alitabasamu. Alitembea kando ya mkokoteni, mikono nyuma, na nilianza kuamini kwamba mbwa ataishi. Penye mtaro gurudumu likatumbukia, mkokoteni ukamwinamia mzee.

"Mzee, shika!" nilisema kwa sauti. "Shika!"

Nilimaanisha mkokoteni. Mbwa aligeuka ndani ya mikanda yake, akaburuta mkokoteni mzima, akamdaka mzee mkono chini ya kiwiko. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alimwangusha na kumtikisa kama alivyomtikisa kuku, ila mtu hatupwi kwa urahisi. Nilimpiga mbwa kwa debe mgongoni, kichwani, puani, na damu yake ikanirukia, lakini hakuachia. Mzee hakupiga kelele. Alirudia tu kwa sauti ya chini, "Mwondoe, mwanangu. Mwondoe."

Baba alitoka jikoni na shoka la kuni. Hakupiga. Alisimama wima, akasema, "Wacha," kwa matamshi ya kizungu ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake.

Mbwa akaachia. Akaketi, akamtazama baba, akingoja kusifiwa.

"Ulijua," nilimwambia baba.

"Walimfundisha kule shambani," alisema. "Wakati wa Hali ya Hatari, watu wa msituni walipokuwa wakisakwa. Kwa miili ya watu. Bwana alisema shika, yeye akashika."

"Na hukutuambia?"

"Ningesema nini? Mimi ndiye niliyemkatia nyama yake baada ya kazi hiyo."

Mama alikuwa amepiga magoti kando ya mzee, anamfunga mkono kwa leso yake, na leso ilikuwa tayari imelowa. Alisema bila kuinua kichwa, "Mfungue mbwa hiyo mikanda kwanza."

Baba alimfungua. Akamshika ngozi ya shingo na kumpeleka nyuma ya jiko, na mbwa akafuata bila kusita. Pigo la kwanza la shoka nadhani lilizama katika manyoya ya bega, kwa maana alilia ile sauti yake ndefu. Pigo la pili likaikata. Nikasikia la tatu, kisha la nne, na baada ya hapo shoka lilikuwa likipiga kitu kisicho na sauti tena.

Mzee alikuwa ameketi juu ya debe akisubiri kupelekwa hospitali, uso umekuwa kijivu.

"Mpishi," aliita, "inatosha."

Baba hakuacha.