Noti za Tarumbeta Nilizozifungia Nje

Kosa lilikuwa langu, na nililisema mbele ya bendi nzima ya usharika wetu hapa Mlalo. Noti za tarumbeta alizotuachia marehemu mwalimu wetu zilifunguka kwa programu moja tu ya zamani, niliyoijenga mwenyewe kutoka msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, kwenye kompyuta ya ofisi inayotumia mfumo wa Linux. Mwaka huu nikajenga toleo jipya na kuliweka palepale, juu ya la zamani, likalifuta. Kisha nikafuta folda zote za msimbo, kama mtu anayefagia maganda baada ya kumenya viazi. Toleo jipya halikufungua hata wimbo mmoja, nami sikuwa tena na cha kurudishia. Karatasi za awali zilishaoza kwa unyevu wa stoo.

Kiongozi wa bendi, mama muuguzi anayepuliza besi, aliniamkia shikamoo kwanza, ndipo akanichapa kwa maneno.

"Babu, tulikuomba uchapishe nyimbo, wewe ukazizika. Jumapili tunapuliza nini, pumzi?"

Watu wakacheka.

"Achana nayo sasa," akaendelea. "Tutaandika upya kwa kukumbuka."

"Nani anaikumbuka sauti ya tatu?" nikauliza.

Nikainuka.

"Basi siachi."

Nikautafuta mtandaoni msimbo wa toleo la zamani. Safari hii nilisoma maelezo mpaka mwisho, jambo ambalo sikulifanya ujanani wala uzeeni. Nikaanza kujenga, mashine ikagoma: kuna maktaba inakosekana, yaani programu ndogo ambayo hiyo kubwa inaitegemea. Nikaijenga na hiyo. Ikagoma tena, kwa mstari mmoja ulioandikwa kwa mtindo ambao mashine za leo hazikubali. Nikaurekebisha. Mwisho nikaiagiza programu ikae ndani ya folda yangu mwenyewe, isiguse kitu kingine chochote.

Ijumaa wimbo wa kwanza ukafunguka, sauti zote nne. Nikamwita yule mama. Akausoma huku akigonga mapigo mezani kwa kidole.

"Hapa kwenye sauti ya tatu noti imekosewa. Irekebishe."

"Siigusi."

"Babu, itagongana na besi yangu!"

"Igongane. Nimeshafuta vya kutosha. Hiyo aliiandika marehemu mwenyewe."

Akaacha kugonga meza.

"Chapisha basi. Wakiuliza, nitawaelekeza kwako."

Jumapili noti ile iligongana kweli, na watu wakageuza shingo. Ninajutia mengi. Hiyo haimo.