Rayan wa Nani?

Mume wangu Twalibu anashona mtaani Cibitoke, kwenye kibaraza cha bluu karibu na soko, na kazi yake kubwa ni kofia za watoto. Mteja anataja jina, yeye analitarizi kwa uzi wa kijani. Kwa hiyo majina ya mji huu yanapita kwake kwanza. Zamani ilikuwa Sulemani, Tajudini, Twaha. Sasa ni Rayan. Idi iliyopita alitarizi Rayan mpaka uzi ukaisha, na ili kofia zisichanganyike, yeye akawa anamuuliza kila mteja: "Rayan wa nani?"

Si jina baya, mi sisemi. Rayan ni mlango wa peponi watakaopitia waliofunga. Lakini Twalibu nalo lina maana yake, mwenye kutafuta elimu. Lilikuwa la babu yake, aliyekuja hapa kutoka Ujiji na cherehani yake, na katika ukoo wao jina hilo linashikwa na wanaume. Mimi nimezaa wasichana watatu, wazuri mashallah, na daktari akasema basi. Ikabaki kumtazamia Ilias.

Ilias ni mdogo wake Twalibu. Baba yao alipofariki, Twalibu aliacha shule akakaa kwenye cherehani ili Ilias asome. Mwenye jina la elimu ndiye aliyeikosa, fikiria. Ilias alisoma kweli, leo ana nyumba Kibenga, kwa wenye pesa. Mkewe Asiya aliposhika mimba, Ilias mwenyewe alikuja hapa kibarazani akasema, bila kuombwa na mtu: "Kaka, akiwa muvulana ni Twalibu. Utapata somo, mutu wa jina lako." Miezi yote ile alikuwa akipiga simu: "Twalibu anacheza leo." Mume wangu akawa anacheka peke yake akishona.

Akazaliwa mvulana. Twalibu alinunua mbuzi wote wawili wa akika. Nilimwambia angalau mmoja anunue baba wa mtoto, akanijibu, "We Hayat, huyu ni somo yangu." Akatarizi na kofia ndogo, akaitia mfukoni.

Kwao jina halitangazwi mpaka mbuzi alazwe chini. Anayechinja ndiye anayelitamka, na ukoo mzima unalisikia hapo hapo. Siku ya saba, kule Kibenga, kisu alipewa kaka mkubwa, mume wangu. Akaelekea kibla, akaanza: "Hii ni akika ya Twalibu..."

Ilias akamshika bega. "Apana, kaka. Rayan. Sema Rayan."

Mbuzi kashikwa miguu, kisu kiko mkononi, utafanya nini? Mume wangu akasema Rayan. Akachinja wote wawili, akanawa mikono, akakaa.

Nilidhani labda wamebadili mawazo asubuhi ile. Mara Asiya akaleta keki ya ghorofa, imeandikwa Rayan kwa sukari ya bluu. Keki kama ile haiokwi asubuhi moja. Kumbe walijua siku zote, wakamwacha anunue mbuzi, wakampa na kisu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi ni watu wa nguo.

"Usikasirike, kaka," Ilias alimwambia tukiaga. "Twalibu ni jina la wazee. Shuleni batamucheka. Rayan ni moderne."

"Sawa," mume wangu akasema. Kofia hakuitoa mfukoni. Kesho yake niliikuta kwenye gunia la vipande vya vitambaa, nikalia mimi, yeye hakulia.

Wiki ya Idi, kibaraza kimejaa, Ilias akashuka kwenye gari lake akajipenyeza hadi mbele ya wateja.

"Kaka, mutoto anataka kofia."

Twalibu hakuinua kichwa. "Jina?"

Ilias akacheka kidogo. "Si unajua? Rayan."

"Rayan wa nani?"

Nilikuwa nakata nyuzi pembeni, mkasi ukanisimama mkononi.

"Kaka," Ilias akasema, na hacheki tena. "Wa Ilias."

Ndipo mume wangu akamtazama, kwa adabu, jinsi anavyowatazama wateja wote.

"Ilias gani?" akauliza, akangoja ajibiwe.