Kisahani cha Upanga wa Mzee

Mzee niliyekuwa nikimtunza huku ughaibuni, mjini Columbia Heights, alikuwa na upanga mfupi wa Kijapani, mkongwe kuliko sisi wawili tukijumlishwa. Kila Jumamosi aliufungua vipande vipande juu ya taulo: ala, mpini uliozungushiwa kamba ya hariri, na kisahani cha chuma cha kukinga mkono, chenye bata wawili wadogo wa dhahabu. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo alivitambua kwa kidole gumba. "Usiguse makali," aliniambia siku ya kwanza, nami sikuyagusa.

Kisahani hakikuwa makali.

Kilikuwa cheusi tititi, kama sufuria ya githeri iliyopikiwa kuni. Nimelelewa na mama ambaye sufuria isipomwonyesha uso wake huirudisha karoni. Jumamosi moja mzee akasinzia kitini, nikakichukua, nikakishambulia kwa limau, sabuni na ule waya wa kusugulia sufuria. Upande mmoja ulipong'aa nilijisifu, tena kwa sauti. Bata mmoja alikuwa amepoteza kichwa, lakini nikasema ni wa zamani, amechoka.

Nikamtumia dada yangu aishiye New Hope, mji wa jirani, picha. Akapiga simu papo hapo.

"Aki wewe. Nime-google. Huo weusi ndio watu wa panga za kale wanapenda. Anza ku-apply kazi kwingine."

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa siku hiyohiyo. Niliihitaji kazi ile, lakini zaidi nilimpenda yule mzee. Katika mji huu ni yeye tu aliyeniuliza habari za mama yangu na kungoja jibu. Nikapika chai ya maziwa ya kuombea msamaha, nikakaa.

Aliamka, akapapasa taulo, akakipata. Kidole gumba kikazunguka, kikasimama kwa bata asiye na kichwa. Nikaungama yote, hata limau.

Akakigeuzageuza kiganjani mpaka chai ikashika utando. Kisha akasema marehemu mkewe alikisugua vivyo hivyo mwaka waliooana, na yeye mzee akamnunia mkewe majira yote ya baridi. Na baridi ya huku si fupi.

"Weusi ulichukua miaka hamsini kurudi," akasema. "Yeye hakurudi. Upande wa pili umeusugua?"

"Bado."

"Yeye alisugua pande zote mbili," akasema, akanirudishia kisahani.

Nikaenda kuchukua waya.