Mjamzito wa Miaka Sitini na Tisa

Kliniki walimwita Fundi. Nyumbani aliitwa Mama Pacha, na mama mkwe wake, siku akiwa amenuna, alimwita "huyu".

"Huyu kazi yake kukaa," bibi huyo aliwaambia wageni. "Asubuhi anakaa, mchana anakaa, jioni anarudi anasema amechoka. Kiti kikisema kimechoka nitakielewa."

Fundi aliwaongezea wageni chai. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo, na watoto wake pacha wa miaka mitatu walilelewa na huyohuyo bibi mwenye ulimi. Bila yeye, hata hiyo kazi ya kukaa isingekalika.

Alichokuwa akikalia ni mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa. Mwanzoni ulikuwa wa kliniki moja, na seva yake, yaani kompyuta kuu, ilijua hifadhidata moja tu, ghala moja la taarifa za wagonjwa, kama mtoto mchanga anavyojua mgongo mmoja. Kisha kliniki mbili nyingine zikajiunga, kila moja na hifadhidata yake na matroni wake, na hakuna matroni aliyekubali wagonjwa wake wachanganywe na wa mwenzake.

Basi Fundi akatumia miezi mitatu kuifundisha seva kuongea na hifadhidata nyingi kwa pamoja. Aliandika faili moja la mipangilio, na humo kila hifadhidata ikawa na jina lake, anwani yake na nywila yake. Kliniki ya nne ikija kesho, alisema, ni kuongeza mistari mitano tu, programu yenyewe haiguswi. Alijivunia mistari hiyo mitano kuliko hereni zake za harusi.

Ila ndani ya faili hifadhidata hazikuwa tatu. Zilikuwa nne. Ya nne iliitwa Mazoezi, ya kujaribia mambo kabla hayajawafikia wagonjwa wa kweli. Miaka minne nyuma, alipohitaji wagonjwa wa kubuni, aligundua kwamba kubuni watu ni kazi ngumu. Alimwandika Mgonjwa Mmoja, akamwandika Mgonjwa wa Pili, akachoka, akaanza kuandika ndugu. Na kwa kuwa fomu ilikataa namba za simu za uongo, aliandika zile alizozijua kwa moyo.

Mgonjwa wa tatu alikuwa mama mkwe wake.

Tangu hapo, kila kipengele kipya kilijaribiwa kwa bibi. Sitaki kusema kwamba jambo hilo lilimburudisha Fundi. Nasema tu kwamba siku walizokorofishana, mtu alivunjika mguu. Na mwezi uliopita, baada ya mzozo kuhusu mpangilio wa kabati la vyombo, ilipofika zamu ya kujaribu, kwenye skrini tu, ujumbe wa kuwakumbusha kina mama wajawazito, bibi alipata mimba.

Jumatatu mfumo mpya ukaanza kazi. Saa tatu asubuhi sehemu ya kutuma ujumbe ikaamka, na hakuna aliyekuwa ameiambia isome hifadhidata gani. Fundi mwenyewe alikuwa ameandika kanuni: kazi isiyotaja hifadhidata, ichukue ya kwanza kwenye faili. Ya kwanza, kwa sababu aliiweka juu asiwe anaitafuta kila siku, ilikuwa Mazoezi.

Simu ya bibi ikalia. Miwani ilikuwa ndani, kwa hiyo akampa jirani yake amsomee. Mtaa mzima ulimwita jirani huyo Redio, na haikuwa kwa sababu ya uimbaji.

"'Hongera, mama!'" Redio alisoma, sauti ikavuka ua. "'Ujauzito wako umefikisha wiki ya thelathini na mbili. Fika kliniki kesho saa tatu. Ukiweza, njoo na mwenza wako.'"

Bibi alikuwa na miaka kumi na mmoja ya ujane.

"Mwenza gani tena, shoga yangu?" Redio aliuliza, kwa upole wa kisu.

Fundi aliporudi jioni, kosa alikuwa ameshalifuta, lakini sanduku la bibi lilikuwa mlangoni.

"Mama, nisikilize. Ni mfumo ulio—"

"Nahamia kwa mwanangu mkubwa. Siwezi kuishi mtaa unaoniangalia tumbo. Lakini kesho saa tatu nimeitwa, na mimi nikiitwa huenda. Wakanipime mbele ya shahidi."

Shahidi alikuwa Redio.

Kesho yake bibi alikaa kwenye foleni ya wajawazito, sanduku miguuni. Msichana mmoja mwenye tumbo kubwa alimpisha kiti.

"Mama, unamsindikiza nani?" matroni aliuliza.

"Nimejisindikiza."

Fundi akatoka mbio, akawavuta bibi na Redio chumbani kwake na kukiri kila kitu. Hakuona njia nyingine isipokuwa kuifungua Mazoezi, bibi ajionee. Redio akainama kwenye skrini, akasoma kabla hajaombwa:

"'Malaria, mara tisa. Meno yote kung'olewa, mara mbili. Mguu wa kushoto kuvunjika, mwezi wa tatu...'"

"Mwezi wa tatu," bibi alisema. "Sufuria iliyoungua."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Na mkono wa kulia?"

"Pazia, mama."

"Mkono huohuo tena?"

"Pazia lilelile."

Bibi alisogea karibu na skrini. Kitufe chekundu pembeni kilikuwa kimeandikwa AMEFARIKI.

"Na hiki? Hiki hukunijaribia?"

"Nilitakiwa. Kila kitufe lazima kijaribiwe." Fundi alisogeza kipanya mbali na kitufe. "Nilimtumia Mgonjwa Mmoja. Kwako kidole kilikataa. Umelazwa mara kumi na saba, mama, na mara zote kumi na saba nimekuandika umepona, umerudi nyumbani."

Bibi alivuta kiti, akakaa.

"Na hilo kosa, litarudi?" bibi aliuliza.

"Halirudi. Ile kanuni nimeiondoa. Sasa kazi isiyotaja hifadhidata inayoitaka haiendi popote."

"Yaani siku zote mlikuwa mnaingia tu, bila kutaja mnakwenda kwa nani?" Bibi alitikisa kichwa. "Halafu eti mmesoma. Haya, huyu naye mtumie ujumbe wake."

Fundi akaandika namba ya Redio, akataja hifadhidata, akahakiki mara mbili. Simu ya Redio ikalia.

"Soma," bibi alisema. "Kwa sauti ileile ya jana."

"'Tunasahihisha,'" Redio alisoma, kwa sauti ndogo ya mtu mwenye mafua. "'Mama huyu hana mimba. Tafadhali tangaza mtaani.'"

Bibi akasimama, akaweka sawa mtandio wake. Sanduku lilibaki sakafuni.

"Mama Pacha," alisema, na hakusema huyu. "Jioni ukija, uje nalo."

"Nilifikiri unalipeleka kwa shemeji."

"Nilibebee mkono gani? Wa kulia umenivunja mara mbili."