Chupa Iliyolazwa Shimoni

Chupa niliyorudi nayo nyumbani ilikuwa imeviringishwa ndani ya suruali mbili za jinzi, katikati ya begi, na njia nzima niliipapasa mara nyingi kuliko nilivyopapasa pasi yangu ya kusafiria. Ilikuwa waini nyeupe ya zabibu ziitwazo chardonnay. Zabibu zenyewe nilizichuma mimi na wenzangu, kwenye shamba moja la Afrika Kusini lililo karibu na bahari. Bahari ya kule ni ya baridi. Hata mwezi wa pili, ambao kwao ni kiangazi, asubuhi tulichuma tukiwa na makoti, ukungu umekaa juu ya mizabibu na midomo yetu ina ladha ya chumvi.

Sikwenda huko kwa ajili ya zabibu. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona. Nimebeba chumvi Uvinza, nimekaanga chapati Tunduma, nimelinda maghala Lusaka. Nikisikia kuna kitu ambacho sijakiona, silali vizuri. Kule shambani niliuliza maswali mpaka msimamizi akachoka, akaniondoa kwenye kuchuma akanipeleka kwenye mapipa, nijionee mwenyewe. Kazi yangu ikawa kukoroga. Waini ya zabibu hizo huachwa ndani ya pipa la mbao pamoja na mashapo yake, na kila wiki mtu huingiza fimbo ya chuma, akayainua mashapo kutoka chini polepole, mpaka waini ifanane na maji ya kuoshea mchele. Nilikoroga majira yote ya baridi. Kila nikikoroga nilimfikiria baba, maana baba hutengeneza pombe ya ndizi, na kwake yeye, mtu anayegusa mashapo hajui kazi.

Chupa ilikuwa ya baba. Nilipoondoka nyumbani kwetu, kwenye vilima vya nje ya mji wa Kasulu, sikumuaga. Kwetu mtoto anayekwenda mbali hupiga magoti, baba hujaza maji kinywani akampulizia kifuani, ndipo anaondoka. Mimi nilitoka alfajiri, nikapanda lori la maharage. Kwa miaka saba, kila nilipopiga simu niliongea na mama tu. Nyuma yake nilimsikia baba akikohoa.

Sikwenda Kasulu moja kwa moja. Nilishuka Kibondo, kwa dada yangu aliyeolewa pale, nikasema nimekuja kumsalimia. Alinitazama, akacheka, akasema naogopa. Alikuwa sahihi, nikakaa kwake siku mbili. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba kwetu mtoto aliyeondoka bila kuaga hurudi na pombe. Huimimina kwa mkono wake, huonja kwanza mbele ya baba, kisha humpa. Baba akinywa, yamekwisha. Asiponywa, mtoto atalala pale kama mgeni na ataondoka kama mgeni.

"Shati usimpe," dada aliniambia. "Mashati anayo. Mpe cha kunywa, akae akutazame usoni."

Nilitaka waini isipate joto, nikamwomba mwenye duka wa mtaani, mzee ambaye babu zake walitoka pwani, anihifadhie kwenye friji lake. Aliigeuza chupa, akasoma karatasi yake mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hili friji limezoea soda," alisema. "Tusiliharibie tabia."

Alhamisi nikafika nyumbani. Mama alinishika uso, akakaa nao mikononi muda mrefu. Baba alikuwa nyuma ya nyumba, akitoa majivu kwenye shimo la kuivishia ndizi. Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya salamu taratibu kama nilivyofundishwa utotoni. Naye akapiga makofi mawili, makavu, kisha akamgeukia mama.

"Muulize mgeni kama ameshaoga."

Tukawa tunaongea hivyo. Muulize mgeni kama huko alikotoka mvua inanyesha. Muulize mgeni kama anakula maharage, au siku hizi anachagua. Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake. Nilimjibu mama, naye mama akampelekea baba jibu ambalo baba alikuwa amelisikia, na mara moja nilimwona mama akiuma midomo asicheke. Lakini usiku ule alinitandikia kitanda cha wageni, na hilo halikuwa la kucheka.

Pombe ya kuomba radhi ingenywewa Jumapili, baada ya kanisa. Nikampa mama chupa aitunze, nikamweleza kwa makini kama nilivyoelezwa kule shambani: isisimamishwe, ilazwe. Iwekwe gizani, chini ya ardhi kama panapatikana, na isitikiswe.

"Mahali papo," mama alisema.

Jumapili nilipoiulizia, mama alichukua jembe. Nikamfuata nyuma ya nyumba bila kuelewa. Aliondoa udongo, akaondoa majani makavu ya mgomba, mvuke ukamgonga usoni. Akainua mkungu mmoja, akainua wa pili, na chini yake akatoa chupa yangu, imefungwa vizuri kwenye jani kama mtoto mchanga. Shimo la ndizi huwashwa moto kwanza, ndipo ndizi mbichi hufukiwa ndani zikaiva kwa joto. Chupa ilikuwa imelala humo siku tatu. Nilipoipokea ilikuwa na joto la uji, na kizibo kilikuwa kimechomoza upana wa ukucha.

"Nimeilaza," mama alisema. "Nikaikandamiza kwa mikungu miwili isitikisike."

Alikuwa amefurahi sana. Nikamshukuru.

Baba alishaketi barazani na shati lake la kanisani. Nilimimina. Waini iliyokuwa na rangi ya mabua ya mpunga ilikuwa sasa kama chai ya rangi iliyochujuka. Nikaonja. Ile ya kule ilikuwa na ukali wa limau, na tofaa ambalo halijaiva, na mwishoni chumvi kidogo, kama umelamba mdomo kwenye ule ukungu. Hii ilikuwa tunda lililochemshwa, na moshi. Bahari yote ilikuwa imetoka.

Baba alinitazama usoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pindo la khanga. Nikikunja uso, baba asingenywa. Nikisema imeharibika, mama angejua nani kaiharibu. Nikameza, nikajaza gilasi, nikampa kwa mikono miwili.

Alinusa kwanza, kama anavyonusa pombe yake. Akanywa kidogo, akaizungusha mdomoni.

"Muulize mashapo wanayachuja lini."

Nikamwambia mama kwamba hawachuji mapema. Wanayaacha ndani ya pipa, na kila wiki wanayakoroga. Nilikuwa nakoroga mimi.

Mama akafungua mdomo ampelekee jibu, baba akainua mkono kumzuia. Kisha akanywa gilasi ile yote, akaninyooshea, nikajaza, akanywa nusu ya hiyo. Mama akamuuliza ikoje.

"Imetunzwa vizuri," baba alisema.

Mama akaingia jikoni akiimba wimbo wa kanisani.

Tukabaki wawili. Baba alitazama mlango, akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Ilipata moto, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Moshi ule naujua. Shimo nililiwasha mimi mwenyewe." Alitazama tena mlango. "Mama yako usimwambie."

Sijamwambia. Jirani akiuliza habari za waini, mama humweleza inavyolazwa, na idadi ya mikungu ya kuweka juu.

Siku ile baba alimalizia kilichobaki kwenye gilasi, akajifuta mdomo.

"Sasa hiyo fimbo ya kukorogea," alisema, "urefu wake kiasi gani?"

Nikatanua mikono kumwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema hivyo haelewi, niinuke nikalete ufito.